Nyumba Inapofungwa Mlimani

Maji yakiganda hutanuka. Ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9, na bomba la shaba au la chuma lililojaa maji hupasuka kama tanuko hilo halina pa kwenda. Kwa sababu hiyo, kwenye milima ya Alpi nchini Uswisi, kazi ya kuandaa nyumba ya zamani ya wageni kwa majira ya baridi huanzia kwenye koki. Kuni na blanketi huja baadaye. Mwishoni mwa Septemba, wapandaji wa mwisho wakishashuka, mtunzaji wa nyumba hupanda hadi kwenye tangi lililoko mteremkoni, hukata maji yanayotoka kwenye chemchemi, kisha hurudi ndani kuyafukuza yaliyobaki.

Niliijua kazi hii nilipokuwa kibarua wa msimu katika jimbo la Valais, kwenye nyumba iliyojengwa kwa mawe hadi usawa wa madirisha na kwa mbao kuanzia hapo kwenda juu. Mimi ni mtoto wa Marangu. Nimekulia chini ya Kilimanjaro, mlima wenye theluji, lakini theluji ya kwetu hukaa kileleni, haimfuati mtu nyumbani kwake. Kule Valais inamfuata. Hushuka mpaka mlangoni, ikapanda madirisha, ikakaa juu ya paa kwa miezi, na yeyote aliyeacha jambo nusu mwezi wa Septemba hulikuta limekuwa hasara mwezi wa Machi.

Utaratibu wa maji ni huu. Koki ya juu kabisa hufunguliwa kwanza ili hewa ipate kuingia, kisha ya chini kabisa, na maji hushuka yenyewe. Kwenye nyumba mpya kazi inaweza kuishia hapo, kwa kuwa mabomba yamelazwa kwa mteremko uliopimwa. Nyumba ya zamani ina mambo yake. Msingi umetitia upande mmoja kuliko mwingine, boriti zimepinda kwa uzito wa miaka, na mabomba yamezifuata boriti. Palipokuwa na mteremko pamekuwa na bonde, na bondeni humo hubaki maji kiasi cha nusu kikombe, yanayotosha kabisa kupasua bomba.

Mtunzaji wa nyumba ile, mama aliyezeekea kwenye kazi hiyo, aliyajua mabonde yote. Alipita kwenye ukuta wa jikoni akigonga bomba kwa kifundo cha kidole. Lilipokuwa tupu lililia. Lilipokuwa na maji liliitika kwa sauti nzito na fupi. Hapo alilegeza kiungo kwa spana, akakinga kopo chini yake, tukangoja hadi tone la mwisho, kisha akapuliza kwa pampu ya mkono kuhakikisha. Hakuna mchoro ulioonyesha mahali pale. Wajenzi walikufa zamani, na bonde lile lilikuwa limejichimba baada yao. Nyumba ikishafika umri huo, mchoro wake wa kweli anakuwa nao mtu, na nilimtazama yule mama kwa hofu kidogo, nikiwaza itakuwaje siku atakaposhindwa kupanda.

Baada ya maji, mengine hufuata upesi. Zile kona za bomba zilizopinda chini ya sinki na vyoo, ambazo hushika maji ili kuzuia harufu, humiminiwa dawa ya kuzuia mgando. Mabetri ya sola hujazwa chaji kabisa, kwa sababu betri ya asidi iliyojaa huvumilia baridi kali mno, ilhali iliyokwisha huganda digrii chache tu chini ya sifuri. Unga na tambi hufungiwa kwenye mapipa ya bati, panya wasivifikie. Magodoro husimamishwa, blanketi hutundikwa kwenye waya. Vinywaji vya chupa hushushwa bondeni. Dohani la jiko kubwa hufagiliwa masizi na kufunikwa. Mwisho, vibao vya madirisha hufungwa kimoja baada ya kingine, vyumba vinaingia giza, na harufu ya mbao za msonobari, iliyokuwa imemezwa na supu na nguo zenye jasho msimu mzima, inarudi kama vile nyumba imepumua.

Paa linadai muda wake. Theluji iliyotoka kuanguka ni nyepesi, pengine kilo 50 hadi 100 kwa mita moja ya ujazo. Ikikaa, ikashindiliwa na upepo na theluji nyingine juu yake, hufika kilo 300 na zaidi. Mita 2 za theluji ya namna hiyo ni kilo 600 kwenye kila mita ya mraba ya paa. Paa la mita za mraba 100 linakuwa limebeba tani 60. Tulipanda darini na tochi, tukapitia kenchi moja moja, tukiangalia maungio na kupapasa mbao kutafuta unyevu. Boriti moja ilikuwa na ufa mpya, tukaiwekea nguzo ya muda. Zilizobaki zilikuwa nene kupita kiasi cha hesabu za leo, zimechongwa kwa shoka, na alama za makali bado zinaonekana. Kwa nje, upande unaotazama mlima, wajenzi waliufanya ukuta kuwa mnene maradufu na wakaumalizia kwa ncha, mfano wa omo ya jahazi, ili poromoko la theluji likija lipasuke na kupita pande mbili. Mtu haongezi ukuta wa aina hiyo kwa urembo. Waliujenga kwa sababu walishaona nyumba ikizolewa.

Lakini theluji hiyo hiyo inayoelemea paa huikinga ardhi. Ikiwahi kuanguka mwanzoni mwa msimu, ikawa nene, huzuia joto la ardhini lisitoroke, na mabomba yaliyofukiwa hubaki salama. Ikichelewa, baridi kavu huingia ndani zaidi udongoni na kugusa vitu ambavyo zamani haikuvifikia. Kwa hiyo wanaodhani kwamba majira ya baridi yenye theluji haba yamempunguzia mtunzaji kazi wanakosea. Nyumba za zamani zilijengwa kwa mlima wa wakati ule, na mlima wenyewe umebadilika. Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Konkordia, juu ya barafuto kubwa la Aletsch. Kibanda cha kwanza kilipojengwa hapo mwaka 1877, kilikuwa mita 50 hivi tu juu ya uso wa barafu. Siku hizi mpandaji anayetoka kwenye barafu hiyo hukifikia kwa ngazi za chuma zenye vidato zaidi ya 400 vilivyofungwa kwenye mwamba, kwa maana barafu imeendelea kushuka huku nyumba ikibaki palepale.

Jioni moja, kazi ikikaribia mwisho, nilimpigia baba simu. Baba alikuwa mpagazi kwenye njia ya Marangu tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkatalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Bado mko huko juu?"

Nikamweleza kwamba tunafunga, na hakuna atakayelala humo mpaka Machi.

"Mmefunga yote?"

"Yote, baba, isipokuwa chumba kimoja."

"Hicho kimoja kina jiko?"

"Kina jiko, na kuni, na blanketi."

"Haya, vizuri." Akaanza kuniuliza kama ninakula vya kutosha.

Swali lake la jiko lilikuwa na historia. Kilimanjaro haina majira ya baridi kwa maana ya Ulaya. Vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo hupokea watu mwaka mzima, na msimu unaopangiwa mambo ni masika na vuli. Hata hivyo, usiku wa Kibo hushuka chini ya sifuri mwezi wowote ule, na wapagazi wenye nguo haba wamekufa kwa baridi kwenye mlima ule, wakiwa wamebeba mizigo ya watu waliovaa vizuri. Mfumo wenyewe wa vibanda ulitoka Alpi. Wajerumani waliotawala Tanganyika ndio walioleta desturi hiyo. Kituo cha Mandara kiliitwa jina la Bismarck, cha Horombo jina la Peters, kabla ya majina hayo kuwapisha Wamangi, watawala wetu wa zamani. Wazo la kujenga nyumba njiani lilipanda mlima wetu. Ile nusu ya pili ya wazo, ya chumba kisichofungwa chenye kuni zake, sikuwahi kuisikia utotoni.

Basi nikisemee chumba hicho, kwa kuwa ndicho kilichonifanya niandike.

Klabu ya Alpi ya Uswisi iliundwa mwaka 1863, na mwaka huohuo ikajenga kibanda chake cha kwanza, Grünhorn, kwenye mlima wa Tödi. Tangu hapo vibanda vyake vimeenea nchi nzima. Nyumba yenye mtunzaji hufungwa msimu ukiisha, lakini desturi inataka chumba cha majira ya baridi kibaki kwa ajili ya yeyote atakayefika. Kwenye nyumba yetu kilikuwa chumba cha pembeni chenye mlango wake, na ndicho tulichokiandaa mwisho, kwa uangalifu kuliko vyote. Mlango wake hufunguka kuelekea ndani, theluji iliyorundikana nje isije ikamfungia mtu. Beleshi hutundikwa ukutani nje, juu kuliko kimo cha mtu, kwa kuwa beleshi lililosimamishwa chini litafukiwa na theluji ileile linayotakiwa kuiondoa. Ndani mna sufuria pana ya kuyeyushia theluji, maana koki zote zimekauka na anayetaka chai ataanza na sufuria. Mna shoka, mishumaa, kiberiti ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, daftari la wageni, na kisanduku cha malipo.

Kuni zilikuwa za unene wa aina tatu, zimepangwa kando ya jiko. Nilidhani tumemaliza. Yule mama akapiga magoti mbele ya jiko, akakunja karatasi, akaweka juu yake vibanzi vyembamba kama penseli, kisha vijiti, kisha vipande viwili vya kuni vilivyopishana ili hewa ipite. Akafungua kidogo mlango wa hewa wa dohani, akatoa njiti tatu za kiberiti na kuziweka juu ya jiko, vichwa vyote vikielekea upande mmoja. Moto mzima ulikuwa tayari, umebaki kuwashwa. Alinieleza sababu kwa maneno machache: mtu atakayefika hapa usiku wa Januari anaweza kuwa na vidole vilivyokufa ganzi, na vidole vya namna hiyo haviwezi kupasua kijiti. Vikiweza kushika njiti moja, inatosha. Akaisukuma tena ile chupa ya kiberiti mpaka ukingoni mwa rafu, mahali ambapo mkono unaopapasa gizani utaikuta.

Nimefanya kazi hotelini, nimeona wageni wakipokelewa kwa maua na matunda. Sijaona mapokezi yanayofikia yale. Mwenyeji hakumjua mgeni, hakujua kama atakuja, wala hangekuwapo kumlaki. Alichofanya ni kufikiri kwa vidole vya mtu mwingine. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, tukiwaza mgeni aliyesimama mlangoni akibisha hodi. Hapa mgeni alihudumiwa kabla hajatoka kwake, na mwenyeji akashuka bondeni bila kuambulia hata shukrani.

Desturi hii ni ya kale kuliko klabu yoyote ya wapandaji. Kwenye njia ya kuvukia milima ya Grand-Saint-Bernard, mpakani mwa Uswisi na Italia, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, kuna nyumba ya wasafiri ambayo haijawahi kuacha kazi yake ya kupokea watu tangu karne ya 11. Ilianzishwa na Bernard, shemasi mkuu wa Aosta, na inaendeshwa na watawa wakanoni hadi leo. Mahali penyewe hapaoti mti. Kila kuni iliyochomwa humo karne zote hizo ilipandishwa kutoka mabonde ya chini wakati njia ikipitika, na maandalizi ya baridi yalikuwa ndiyo kazi ya kiangazi kizima. Mwezi Mei mwaka 1800 jeshi la Napoleon lilipita hapo likielekea Italia na askari wake walilishwa na watawa. Mbwa wao mashuhuri, Barry, aliyeishi kati ya 1800 na 1814, anakumbukwa kwa kuwaokoa watu waliopotea kwenye theluji, na mwili wake umehifadhiwa katika Makumbusho ya Historia Asilia mjini Bern. Mwaka 1923 Papa Pius XI, ambaye mwenyewe alikuwa mpanda milima, alimtangaza Bernard kuwa msimamizi wa wapanda milima.

Tangu mwaka 1964 magari hupita kwenye handaki lililochimbwa chini, na barabara ya juu hufungwa theluji ikianza mpaka mapema kiangazi. Nyumba haifungwi. Anayetaka kuifikia wakati huo huenda kwa miguu yenye viatu vya theluji au kwa ski, na wakanoni hukaa humo wakimngoja. Zamani walikuwa na kazi nyingine pia, ya kuwahifadhi waliokufa njiani kwenye chumba cha maiti, kwa kuwa mwamba ule hauchimbiki kaburi. Ninapokumbuka chumba hicho, ndipo ninapoona kwa nini hawakuthubutu kufunga kile cha walio hai.

Ng'ambo ya bahari, kwenye Mlima Washington katika jimbo la New Hampshire, Marekani, ilibidi somo hilo lianze upya kwa msiba. Tarehe 30 Juni 1900, wapandaji wawili, William Curtis na Allan Ormsbee, walikumbwa na dhoruba ya barafu wakielekea kileleni, wakafa. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Mwaka uliofuata pakajengwa kibanda kidogo cha kujihifadhi kwenye njia ile, na mwaka 1915 Klabu ya Milima ya Appalachia ikafungua hapo nyumba ya Lakes of the Clouds. Mlima huo ndio uliopimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa tarehe 12 Aprili 1934. Nyumba hufungwa Septemba. Madirisha huzibwa, na wafanyakazi hushuka. Ila chini yake kuna chumba kidogo cha mawe, chenye giza na baridi, kinachoachwa kwa ajili ya aliyezidiwa. Hakuna anayekisifia, na hakikukusudiwa kumfurahisha mtu. Kinamtosha mtu asife.

Sasa hivi, hata kwenye Alpi, mjadala ni kama vyumba hivi viendelee kuwa wazi. Kwenye vibanda vingi vya klabu za Ujerumani na Austria, chumba cha baridi hufunguliwa kwa ufunguo maalumu ambao mwanachama huuchukua kabla ya kupanda. Sababu zao ni za kweli. Wapo wanaochoma kuni za msimu mzima kwa wikendi moja, wapo wanaoacha takataka, wapo wanaolala na kuondoka bila kulipa. Nimezifagia takataka hizo kwa mikono yangu, na najua zinavyotia uchungu, maana kila kuni iliyo juu ya mstari wa miti imeletwa kwa helikopta au kwa mgongo wa mtu. Lakini ufunguo humfaa aliyepanga safari. Aliyepotea hakuwa na mpango wa kufika pale. Hana ufunguo, na ndiye hasa ambaye chumba kile kiliwekwa kwa ajili yake. Kati ya kuibiwa kuni na kukuta maiti kwenye kizingiti cha mlango uliofungwa, sioni kama kuna la kupima.

Wasomaji wengi wa Kiswahili sasa wanaishi Ulaya, na vijana wao wameanza kupenda milima. Kwao nina ombi. Mkifika kwenye chumba cha namna hiyo, andikeni majina daftarini siku ileile, pamoja na mnakotoka na mnakoelekea, kwa kuwa waokoaji huanza kutafuta kutoka kwenye ukurasa huo. Tumieni kuni kwa kiasi. Lipeni hata kama hakuna anayewaona. Majivu yaliyopoa yatieni kwenye ndoo ya bati, na takataka zote mshuke nazo. Sufuria ikausheni, maana maji yakibaki ndani yataganda. Rudisheni beleshi nje, juu kwenye ndoano yake. Kabla ya kutoka, mmoja wenu apige magoti apange moto kwenye jiko kama mlivyoukuta, na aache njiti za kiberiti mahali pa kuonekana. Mlango uvuteni mpaka ushike, theluji isiingie. Kufuli msitie.